Askari Mbele ya Maikrofoni: Maisha ya Cliff Michelmore



Ni desturi ya mazungumzo haya kutazama mambo makubwa ya dunia: vita na mapatano, chaguzi na mapinduzi. Leo tutamtazama mtu mmoja tu, tena mtu ambaye hakuwahi kuwa waziri, wala jemadari, wala tajiri mwenye viwanda. Alikuwa mtangazaji wa redio na televisheni wa Uingereza, na jina lake ni Cliff Michelmore. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1919 katika mji wa Cowes, kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alifariki dunia mwezi Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 96. Baina ya tarehe hizo mbili aliutumikia umma wa nchi yake kwa sauti yake kwa muda unaokaribia miaka 40, na hata mwaka 2007, akiwa mzee wa miaka 87, aliitwa tena mbele ya kamera kuongoza matangazo ya kukumbuka mwaka 1967, ambapo sarafu ya nchi yake ilipunguzwa thamani.

Huenda msikilizaji akauliza: mtangazaji wa Kizungu anawahusu nini askari wetu? Anawahusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu huyu alikuwa askari kabla hajawa mtangazaji, na kazi ya utangazaji aliianza akiwa bado katika maisha ya jeshi, akiwatangazia askari wenzake. Ya pili ni kwamba uhusiano wa askari na maikrofoni ni jambo ambalo nchi za upande wetu wa Afrika zimelijua kwa uchungu. Hapana budi basi kuuliza: mtu mwenye sare anaposhika maikrofoni, anadaiwa nini na wale wanaomsikiliza?

Michelmore aliingia Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza akiwa bado kijana mdogo, katika miaka ya 1930. Alifundishwa kazi ya ufundi, akapitia miaka yote ya Vita Kuu ya Pili akiwa kazini, akapanda mpaka cheo kinacholingana na meja katika jeshi la nchi kavu. Huko ndiko alikopata tabia zilizomfaa baadaye: kufika kabla ya saa, kukagua vyombo kabla ya kuvitumia, kusema kwa maneno machache, na kutopayuka mambo yanapoharibika. Fundi wa ndege anajua kwamba msumari mmoja uliolegea unaweza kuua watu walioko angani. Mtangazaji naye, akilijua hilo, huliogopa neno moja lililolegea.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Ujerumani iligawanywa na mataifa yaliyoshinda, na sehemu ya kaskazini na magharibi ikawa chini ya jeshi la Uingereza. Mji mkubwa wa Hamburg ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu mwezi Julai 1943, na makumi ya maelfu ya watu waliuawa. Katikati ya magofu hayo lilibaki jumba moja kubwa la muziki, na humo ndimo jeshi la Uingereza lilipoweka kituo cha redio cha askari wake mwaka 1945. Ndani ya kituo hicho Cliff Michelmore aliingia katika kazi ya utangazaji.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote katika redio ile kiliitwa Family Favourites, yaani nyimbo zipendwazo na jamaa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumapili adhuhuri, watu wa Uingereza walipokuwa mezani kwa chakula cha mchana, studio mbili ziliunganishwa kwa mitambo, moja London na moja Hamburg. Mtangazaji wa London alisoma barua za wazazi, wake na watoto waliomkumbuka askari wao. Mtangazaji wa Hamburg alisoma barua za askari waliowakumbuka jamaa zao. Baada ya salamu ulipigwa wimbo uliochaguliwa. Askari hakutajwa kwa mahali alipo bali kwa nambari ya posta ya jeshi, ili mapenzi ya nyumbani yasifichue siri za kambi.

Wasikilizaji wetu hawahitaji kufundishwa maana ya kipindi kama hicho. Vipindi vya salamu ni mali ya redio zote za Afrika Mashariki, na hakuna kituo cha polisi wala kambi ya jeshi ambamo jina la mtu fulani halijapata kusomwa, wenzake wakashangilia. Wazee wetu waliokwenda Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikaa mbali na kwao, barua ikiwa ndiyo daraja lao na nyumbani, na barua huchelewa. Askari asiyejua hali ya nyumbani kwake hushika bunduki kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika wasiwasi. Jemadari anayejali jambo hilo anaongeza nguvu ya kikosi chake bila ya kununua risasi hata moja.

Siku moja mtangazaji wa kawaida wa Hamburg hakuweza kufika kazini, na Michelmore aliambiwa ashike nafasi yake. Upande wa London alikuwako bibi mmoja, Jean Metcalfe, aliyezaliwa mwaka 1923, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kupendwa na mamilioni. Hawakuwa wamepata kuonana. Walijuana kwanza kwa sauti, kupitia waya uliovuka bahari, huku taifa zima linasikiliza. Mwaka 1950 walioana, na ndoa yao ilidumu mpaka bibi huyo alipofariki dunia mwaka 2000. Kwa hakika, redio iliyokusudiwa kuwaunganisha askari na jamaa zao iliwaunganisha pia watumishi wake wenyewe.

Hata hivyo haifai tusifu bila kupima. Jeshi lile lililotumiwa salamu kila Jumapili ndilo lililokuwa Malaya, Cyprus na Kenya katika miaka ya 1950, likipambana na wananchi waliodai nchi yao. Mama wa Kikuyu ambaye mwanawe aliwekwa kizuizini hakuwa na kipindi cha kumpelekea wimbo. Tunalisema hili si kumlaumu mtangazaji, kwani yeye hakutunga siasa ya serikali yake. Tunalisema ili ikumbukwe kwamba kila askari, wa upande wowote, ana mtu anayemsubiri, na kila raia aliye mbele ya askari naye anaye.

Aliporudi Uingereza, Michelmore aliingia katika televisheni ya BBC, akatengeneza vipindi vya watoto na kutangaza michezo. Jina lake lilivuma tangu tarehe 18 Februari 1957. Mpaka mwaka huo televisheni ya Uingereza ilikuwa ikizimwa kila jioni kuanzia saa 12 mpaka saa 1, ili wazazi wapate kuwalaza watoto wao. Sheria hiyo ilipoondolewa, BBC ilihitaji kipindi cha kujaza saa ile, nacho kikawa Tonight, maana yake usiku wa leo. Kilitangazwa siku tano kwa juma, na Michelmore ndiye aliyekuwa nahodha wake.

Kabla ya hapo watangazaji wengi wa nchi ile walizungumza kama mahakimu. Walivaa kirasmi, wakatamka maneno kama watu wa makasri, na waziri alipofika studioni aliulizwa kwa unyenyekevu ni jambo gani angependa kulieleza taifa. Kipindi cha Tonight kiliibadili desturi hiyo. Michelmore, mtu mnene kidogo, mwenye miwani na uso wa jirani mwema, alikaa kana kwamba yuko barazani kwake. Aliuliza maswali ambayo mtu wa kawaida angeuliza, na jibu lisipojibu swali alilirudia swali lilelile kwa adabu. Wenzake, kama vile Alan Whicker na Fyfe Robertson, walizunguka nchi wakileta habari za wavuvi, wakulima na watu wa mitaani. Kila jioni Michelmore aliagana na watazamaji kwa kuwaambia kwamba Tonight ijayo itakuwa kesho usiku. Maneno hayo yalikuwa mzaha kidogo, lakini yalikuwa pia ahadi, na ahadi hiyo ilitimizwa mpaka kipindi kilipofungwa mwezi Juni 1965.

Katika kipindi hicho alikuwamo pia mtu ambaye askari wa Afrika hawana budi kumjua. Huyo ni Cy Grant, mtu mweusi aliyezaliwa Guyana mwaka 1919, mwaka uleule aliozaliwa Michelmore. Grant alikuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Kifalme, mwongoza njia katika ndege ya mabomu. Mwaka 1943 ndege yake iliangushwa juu ya Uholanzi, akatekwa, akakaa miaka miwili katika makambi ya mateka ya Ujerumani. Vita vilipokwisha alisomea sheria, lakini kazi ya uwakili haikumpokea kwa sababu ya rangi yake. Basi akashika gitaa. Katika Tonight aliziimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso, utungo wa watu wa visiwa vya Karibi, ambao kama mashairi ya kwetu huweza kumchapa mkubwa bila kumtukana. Alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara katika televisheni ya Uingereza. Askari wawili wa zamani wa jeshi moja, mmoja mweupe na mmoja mweusi, waliingia pamoja katika nyumba za watu waliokuwa hawajapata kumkaribisha mtu mweusi sebuleni.

Mwaka 1958 Michelmore alipewa tuzo ya mtu mashuhuri wa televisheni wa mwaka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu hakulitia maji. Watu waliofanya kazi naye walimjua kuwa mtu mtulivu mitambo inapokwama, na mitambo ya siku zile ilikwama mara nyingi. Filamu ikikatika, simu ikinyamaza, mgeni akichelewa, yeye aliendelea kuzungumza na watazamaji kana kwamba kila kitu kilikuwa kimepangwa hivyo. Hiyo ni nidhamu ya kijeshi iliyovaa koti la raia.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tufike mahali ambapo mtangazaji hupimwa kweli.

Siku ya Ijumaa tarehe 21 Oktoba 1966, mnamo saa 3 na robo asubuhi, katika kijiji cha Aberfan huko Wales, lundo kubwa la taka za mgodi wa makaa ya mawe lililokuwa juu ya mlima liliporomoka. Lilikuwa limerundikwa juu ya chemchemi ya maji, na mvua zilikuwa zimelilainisha. Tope zito na jeusi liliteremka likaifunika shule ya msingi ya Pantglas pamoja na nyumba za karibu. Watoto walikuwa ndiyo kwanza wameingia madarasani. Watu 144 walikufa; kati yao 116 walikuwa watoto.

Wachimba migodi walipanda kutoka chini ya ardhi wakaja kuwachimbua wana wao wenyewe. Polisi, askari na wananchi walichimba pamoja nao, na kila mara filimbi ilipopulizwa wote walinyamaza kimya, wasikilize kama iko sauti chini ya tope. Baada ya saa 5 ya asubuhi ile hakuna aliyetolewa akiwa hai.

Jioni ile Michelmore alisimama kijijini, mbele ya kamera, kulieleza taifa. Hakupiga kelele. Hakutafuta maneno makubwa. Alisema kwamba maishani mwake hakuwa amepata kuona kitu kama kile, na kwamba anatumaini hataona tena. Halafu akasema jambo moja ambalo waliolisikia hawakulisahau. Wachimba migodi, alisema, wamezoea maafa, na baada ya kila ajali majina ya wachimbaji huitwa ili ijulikane nani amepona. Siku ile, kwa mara ya kwanza, majina yaliitwa barabarani, nayo yalikuwa majina ya watoto wa wachimba migodi.

Tafakarini maneno hayo, ndugu askari, kwani ninyi mnajua maana ya kuita majina. Baada ya mapigano kamanda huwapanga watu wake mstari, akasoma orodha, na jina lisiloitikiwa huacha kimya ambacho kila mtu anakielewa. Mtangazaji yule alikuwa na uchungu kama watu wote, tena alikuwa baba wa watoto. Lakini hakuuonyesha uchungu wake. Aliwaonyesha watu orodha. Alijua kwamba msiba ule haukuwa wake. Ulikuwa wa wale waliosimama nyuma yake wakingoja, na kazi yake ilikuwa kuwafanya wenye kusikiliza wawaone wao.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba migodi ile ilikuwa mali ya umma, chini ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, na BBC nayo ni shirika la umma. Ingekuwa rahisi kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, watu wakazika na kunyamaza. Lakini baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jaji Edmund Davies lilikaa, likasikiliza mashahidi, na mwezi Agosti 1967 likatoa ripoti iliyoitupia Bodi hiyo lawama. Ilidhihirika kwamba hatari ya lundo lile ilikuwa imeandikwa katika barua za wakuu wa mji tangu mwaka 1963, na barua hizo hazikupata msikilizaji. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyepelekwa mahakamani, na watu wa Aberfan hawakulisahau jambo hilo. Lakini ukweli wenyewe uliandikwa na kutangazwa. Serikali isiyotaka kusikia habari mbaya ikiwa bado barua, huisikia ikiwa imekuwa maiti.

Baada ya hapo Michelmore aliendelea kuwa sauti ya nchi yake katika siku kubwa. Tarehe 25 Juni 1967 alikuwa mwenyeji wa upande wa Uingereza katika Our World, matangazo ya kwanza ya televisheni kuunganisha mataifa mengi kwa wakati mmoja kwa njia ya setilaiti. Nchi 14 zilishiriki. Urusi na marafiki zake walikuwa wameahidi kushiriki, wakajitoa siku chache kabla kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati vya mwezi huohuo. Mwezi Julai 1969, wanadamu walipotua mwezini, alikuwa studioni London usiku kucha pamoja na mabwana James Burke na Patrick Moore. Wenzake hao walikuwa mabingwa wa sayansi. Yeye hakujifanya bingwa. Aliwauliza yale ambayo bibi kizee wa kijijini angetaka kujua. Mtu mwenye akili ya kweli haoni haya kuuliza.

Aliongoza pia matangazo ya matokeo ya uchaguzi mkuu, mara mbili, mwaka 1966 na mwaka 1970. Mwaka 1966 Bwana Harold Wilson na chama chake cha Labour walishinda kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1970 kura za maoni karibu zote zilitabiri kwamba Wilson atashinda tena. Usiku wa tarehe 18 Juni matokeo ya majimbo ya kwanza yakasema vingine. Studioni palikuwa na ubao wenye mshale wa kuonyesha kura zinavyohama kutoka chama kimoja hadi kingine, na kura zilihama mno hata mshale ukapita mwisho wa kipimo. Ilibidi iletwe brashi ya rangi, nambari zaidi zichorwe ubaoni papo hapo. Bwana Edward Heath akawa waziri mkuu. Michelmore hakubishana na hesabu, wala hakusubiri mkubwa amwambie ni chama gani kiruhusiwe kushinda. Nambari zilipofika alizisoma. Asubuhi iliyofuata serikali ilibadilika, na askari wa nchi ile walikunywa chai yao makambini kama siku zote.

Hapo ndipo tunapokutana na uchungu wetu. Tarehe 25 Januari 1971 wananchi wa Uganda waliisikia redio yao ikisomewa na askari sababu 18 za kupinduliwa kwa serikali. Wako waliocheza ngoma barabarani siku ile, wasijue kwamba wengi wao watazikwa bila kaburi kujulikana. Tarehe 27 Julai 1985 redio hiyohiyo ilitangaza mapinduzi kwa mara nyingine. Huko Rwanda, kituo cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwaka 1993, kiliwachochea watu kuua majirani zao katika mauaji ya mwaka 1994, kikitaja majina ya wa kuwindwa. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waanzilishi wa kituo hicho. Tazameni tofauti, ndugu wasikilizaji. Kule Aberfan majina yalitajwa ili walimwengu wawalilie wenye majina. Huko Rwanda yalitajwa ili wenye majina wauawe. Chombo ni kilekile, na waya ni uleule. Tofauti iko katika moyo wa mtu aliyeketi mbele yake, na katika amri za wale waliomweka pale.

Kwa hiyo askari wa leo ana mengi ya kujifunza katika maisha ya mtu huyu. La kwanza ni kwamba kila mwenye sare ni mtangazaji kwa namna yake. Koplo anayeeleza ajali ya barabarani mbele ya watu, inspekta anayeandika ripoti ya mtu aliyefia mahabusu, ofisa anayekwenda kijijini kumwambia mama kwamba mwanawe hatarudi: hao wote wameshika maikrofoni. Wakisema kweli kwa maneno machache na kwa heshima, jeshi zima linaaminiwa. Wakificha, uvumi unachukua kazi yao, na uvumi hauna cheo wala hauogopi kosa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

La pili ni kwamba imani ya wananchi haipatikani kwa amri. Bunduki inaweza kukiteka kituo cha redio kwa nusu saa, lakini haiwezi kuliteka sikio. Michelmore alipewa nafasi ya kuzungumza na taifa katika siku ya msiba kwa sababu alikuwa amezungumza nalo katika jioni elfu za kawaida, na hakulidanganya. Akiba ya namna hiyo huwekwa senti kwa senti, na huweza kutumiwa yote kwa siku moja.

La tatu ni kujua wakati wa kushuka. Tangu mwaka 1969 mpaka mwaka 1986 Michelmore aliongoza kipindi kilichoitwa Holiday, kilichowaeleza watu wa kawaida mahali pa kwenda kupumzika kwa fedha kidogo. Baada ya kutangaza uchaguzi na safari za mwezini, wengine wangeiona kazi hiyo kuwa ndogo. Yeye aliifanya kwa uangalifu uleule. Mwaka huo wa 1986 yeye na mkewe walichapisha kitabu cha maisha yao, Two-Way Story, wakaendelea na maisha yao ya kimya. Sehemu kubwa ya matangazo ya BBC ya usiku ule wa mwezini haikuhifadhiwa. Kanda zilifutwa au zikapotea. Mtangazaji hujenga nyumba yake hewani, na upepo huichukua. Kinachobaki ni kile kilichoingia katika mioyo ya watu.

Ndugu wasikilizaji, Cliff Michelmore hakuamuru kikosi vitani wala hakutia sahihi mkataba. Alivua sare mapema, lakini hakuvua utumishi. Alisimama baina ya wenye habari na wasio nayo, akazipeleka habari kwa uaminifu, ziwe salamu za mama kwa mwanawe aliyeko kambini au majina ya watoto waliolala chini ya tope. Sisi wa upande huu wa Afrika tumewahi kuamshwa alfajiri na sauti za askari redioni, tukatetemeka kabla hata hatujayasikia maneno. Ni wajibu wa kizazi hiki cha askari kuifanya sauti yao iwe ile ambayo mwananchi akiisikia, hutulia, akasogeza kiti karibu, akasikiliza.